Betri Mpya za Mwalimu Florian

Benchi letu liko Mbinga mjini, nyuma ya soko, limeegemea ukuta wa ghala ambalo zamani lilikuwa la ushirika na sasa wamepangishwa wanunuzi binafsi wa kahawa. Anayetupikia kahawa ni Egidi Kapinga, dereva wa ushirika aliyepunguzwa kazi. Wenzake humwita Waziri, kwa kuwa aliwahi kumwendesha waziri mmoja kutoka Songea, na mpaka leo hajamaliza kusimulia walichozungumza njiani. Placidi Ndunguru anauza mitumba ng'ambo ya njia. Yeye huitwa Ulaya. Kilian Nombo hupanda huku kutoka Mbaha, kule ziwani, na magunia ya usipa mkavu, dagaa wa huko. Huyo ni Kapteni, si wa meli bali wa ngoma ya mganda, ile ya kaptura nyeupe na vibuyu vya kupuliza. Mimi ni Clemence Mbunda. Huniita Karani, ingawa nilistaafu ukarani wa ushirika zamani. Mimi huwaita kwa majina waliyobatizwa, na hatujawahi kugombana kwa hilo. Sisi Wamatengo tumelima kahawa tangu enzi za baba zetu, lakini kuinywa tumejifunza ukubwani, kwa hiyo tunainywa kwa kelele nyingi.

Alhamisi moja mchana, katika baridi ya mwezi wa sita, alikuja Mwalimu Florian Kinunda amekumbatia redio-kaseti yake kama mtu anayepeleka mtoto mgonjwa hospitali. Florian ndiye mwalimu wa kwaya ya kigango chetu.

— Shikamoo, Mzee Clemence. Habari zenu, kaka zangu.

— Marahaba, Florian.

— Wazee, nimeharibikiwa.

— Kaa kwanza, — akasema Egidi, akipangusa kikombe kwa kidole gumba. — Mtu haharibikiwi amesimama.

Florian akakaa, redio mapajani. Kikombe akakikataa kwa mkono. Hapo tukajua kwamba jambo ni zito.

— Mnaikumbuka ile kanda?

Nani asiyeikumbuka? Placidi aliikuta katika mfuko wa ndani wa koti zito, siku alipofungua beilo, yaani robota, la makoti. Koti alilinunua Egidi, na siku hiyo alikuwa amelivaa. Kanda ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo *Hecho en España*, yaani imetengenezwa Hispania, na kwa herufi kubwa *Ciudad*, yaani mji. Maandishi mengine yote yalikuwa yamefutika, pamoja na jina la mwimbaji. Jambo hilo la jina lilinikera, na linanikera bado. Florian aliiomba, akaenda nayo nyumbani, na baada ya muda akatoka na wimbo. Ulikuwa wimbo wa polepole, mzito, wenye kinanda kilichonguruma kama cha kanisa kubwa, na sauti ya mwanaume wa makamo aliyejaa huzuni. Maneno ya Kihispania akayaacha, akatia yake ya matoleo: pokea Bwana jasho la mlimani, pokea kahawa na mahindi. Kwaya wakaushika. Siku ya kwanza walipouimba mpaka mwisho, akina mama wawili wa sauti ya pili walilia. Ulikuwa uimbwe Jumapili ile, katika misa ya Kipaimara, mbele ya Askofu.

— Sasa kimeharibika nini? — akauliza Placidi. — Imekatika?

— Nimenunua betri mpya.

— Hongera.

— Usinipongeze, Placidi. Sikiliza.

Akabonyeza.

Kitu kilichotoka humo sikukitegemea. Ngoma ilikuja mbio, kavu, kama mtu anayegonga debe huku anafukuzwa. Kinanda hakikunguruma tena. Kililia kwa sauti nyembamba, kikirukaruka. Na yule mwanaume wa makamo aliyejaa huzuni alikuwa binti. Mabega ya Kilian yalianza kucheza kabla mwenyewe hajaamua.

— Mungu wangu, — akasema Placidi. — Disko hilo!

— Ndiyo ninachowaambia! — Florian akazima. — Mimi nilijifunza na betri zilizochoka. Zikiisha naanika juani, narudisha, zinavuta pole pole, nikadhani ndio mwendo wa wimbo wenyewe. Jana nikasema, Askofu anakuja, hebu ninunue mpya nihakikishe sauti ya tatu. Nikawasha. Mke wangu akatoka jikoni anauliza nimeleta wageni gani.

Egidi akatikisa kichwa kwa busara.

— Ndiyo maana wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Inahusiana nini hiyo, Waziri?

— Betri. Umezichovya juani mpaka zimekwisha.

— Na Jumapili, — akaendelea Florian, — atakuwepo Sista Pilar.

Sista Pilar alikuwa amekuja zahanati ya misheni baada ya Pasaka. Alitoka Hispania moja kwa moja, na alikuwa bado na umri wa mtu aliyeacha kusikia nyimbo za kwao juzi tu.

— Atautambua, — akasema Kilian.

— Atautambua neno la kwanza! Nitakuwa nimesimama mbele ya Askofu, vikapu vya matoleo vinapita, na mtawa anajua kwamba tunampelekea Mungu muziki wa baa.

— Si umwulize mapema? Mpelekee kanda, mwambie, Sista, hii ni nini?

— Wee Placidi! Kumwuliza ni kukiri. Nikitoka pale habari imeshafika kwa Paroko, na kwaya nimevuliwa. Na nikivuliwa, sawa, nitalima. Lakini wale mama waliolia? Nitawaambia nini? Kwamba walikuwa wanalilia baa?

Kila mtu akaongeza sukari.

— Mzee Clemence, — akasema Florian, — wewe ulisoma Kilatini kwa mapadre wa Kijerumani. Nasikia Kihispania ni mtoto wa Kilatini. Nakuomba, sikiliza kanda yote, uniambie kwa haki ni nyimbo za nini. Ukisema ni dhambi, nautoa leo hii. Mazoezi ni alasiri hii.

Nilisema nitasikiliza, kwa sharti kwamba watu wanyamaze. Florian akairudisha kanda mwanzo kwa kuizungusha na kalamu, kusudi asizile betri, akabonyeza. Watu walinyamaza kwa muda wa nusu ya wimbo wa kwanza.

— Huo ni mganda, — akasema Kilian.

— Umeanza, — akasema Placidi.

— Nasema huo ni mganda mtupu! Sikiliza hiyo *zzii*. Kibuyu unakitoboa, tundu unaliziba kwa utando wa buibui, unapuliza: *zzii*. Hakuna chombo kingine duniani kinacholia hivyo. Hivyo ni vibuyu vyetu, wamevitia umeme tu.

— Vilifikaje Hispania, Kapteni? Viliogelea?

— Vilipita Chiwanda. Kule mpakani zamani Mreno alikuwa ng'ambo tu, Msumbiji. Siku ya mganda ngoma inasikika ng'ambo. Akaja Mreno mmoja, akasimama pembeni, akasikiliza, akaondoka na kibuyu ndani ya kofia.

— Mreno si Mhispania.

— Nyumba moja hiyo, Ulaya, wametenganishwa na ukuta tu. Mmoja akikaanga, mwenziwe anapiga chafya. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge!

— Hapo nakubali, — akasema Placidi, — maana nguo ndiyo siri yenyewe. Ninyi mnasikiliza kanda, mimi nilisoma koti. Nimefungua mabeilo mengi, bwana, mzungu namjua kwa mifuko yake. Lile koti lilikuwa na kanda, tiketi ya basi, na kifungo kimoja kimekatika, kimetiwa mfukoni. Mtu aliyekata kifungo akakiweka asikishone, huyo ana mawazo. Sasa msikilize huyo binti. Ana mawazo. Huyo ndiye mwenye koti.

— Mwimbaji mwenyewe?

— Mwenyewe! Alilisahau mahali, akatoka na baridi, ndipo akatunga. Anachoimba humo ni koti lake.

Wote tukamgeukia Egidi, ambaye alikuwa amelifunga koti hilo mpaka shingoni.

— Msinitazame hivyo, — akasema. — Nimelinunua kihalali.

— Anakuimba, Waziri. Mji mzima wa Hispania unajua umelivaa.

— Kwanza hilo ni koti la kiume! Vifungo viko kulia!

— Basi ni la yule wa betri zilizochoka.

Egidi alipoona wanamcheka, akaweka birika chini. Kwa kawaida hiyo ni dalili kwamba yule waziri anakaribia kuingia katika mazungumzo.

— Hamjui soko huria ninyi. Tulipokuwa Kitai, tumesimama tupoze injini, yule waziri aliniambia, Egidi, siku zinakuja mnunuzi atapewa viwili kwa bei ya kimoja. Sikumwelewa. Leo ndiyo naelewa. Enzi za ushirika ukinunua kanda, unapata mwimbaji mmoja, basi. Sasa hivi unanunua mwanamke, betri zikichoka unapata mwanaume bure. Mtu na mkewe! Asubuhi anaimba mke, anatoka kwenda mjini. Jioni anaimba mume, anamtafuta. Ni kisa kimoja. Wewe Mwalimu ulianzia kwa mume, ndiyo maana ukadhani ni kanisani.

— Mume anayemtafuta mkewe anaonekana yuko kanisani?

— Wewe Placidi mwulize mkeo.

— Jamani, — nikasema, — naomba upande wa pili.

Florian akaigeuza kanda. Nilisikiliza nikiwa nimefumba macho, si kwa sababu ya utamu, bali kwa sababu Kilian alikuwa amesimama na kupiga hatua za mganda mbele yangu. Maneno mengi yalinipita. Machache niliyashika kwa mkono wa Kilatini: *noche*, usiku, *luz*, mwanga, *sola*, peke yake, na ni mwanamke. Kabla wimbo wa mwisho, ule tulioonjeshwa mwanzo, haujaanza niliomba asimamishe.

— Haya, Mzee, — akasema Florian. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. — Hukumu.

— Sina hukumu. Nina maoni ya msikilizaji mmoja, ambaye hajawahi kufika Hispania wala kuingia disko.

— Hayohayo.

— Ni nyimbo za mji, wakati wa usiku. Zote. Mwanzo anatoka kwake. Kuna mlango unaofungwa, nimeusikia. Kisha taa. Kisha watu wengi, muziki ndani ya muziki. Wimbo wa tatu sikuupenda. Ngoma yake inapiga kama mlango wa choo siku ya upepo. Lakini zilizobaki zimetungwa na mtu anayejua kazi. Mashine inapiga bila kuchoka, na yeye anachoka, na hawakujaribu kuficha hilo. Na nimegundua jambo moja. Kila mahali panapokuwa na watu wengi kuliko pengine, hapo ndipo anasema lile neno, *sola*. Hasemi akiwa barabarani. Anasema katikati ya ngoma.

— Basi ni baa, — akasema Florian kwa sauti ndogo.

— Ni wimbo wa mtu anayetoka baa.

— Kuna tofauti?

— Ipo kubwa, — akasema Egidi. — Mwulize mke wa Placidi.

— Wewe!

— Na mwendo, Mzee? — Florian hakucheka. — Wa betri mpya au wa zamani, upi ni kweli?

Nilifikiri kabla ya kujibu, maana aliuliza kama mwalimu.

— Wa betri mpya ndio aliouimba. Lakini huzuni uliyoisikia wewe haikuletwa na betri. Ipo. Ukienda mbio inafichika, ukienda pole pole inaonekana. Wewe uliiona kwa bahati mbaya.

— Kwa hiyo niuimbe?

— Sikusema hivyo.

— Kwa hiyo nisiuimbe?

— Hilo nalo sikusema.

— Karani bwana! — akasema Placidi. — Ndiyo maana ushirika ulikufa.

Ndipo akatokea Vitalia Komba, kiongozi wa sauti ya pili, mtoto mgongoni, amevaa fulana ya kwaya chini ya sweta. Yeye alikuwa mmoja wa wale mama wawili waliolia.

— Shikamooni, wazee wangu. Mwalimu, watu wameshakaa kanisani. Tunakungoja wewe.

— Nakuja, mama.

— Mbona umekaa kama umefiwa?

Florian akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta mlango. Hakuna aliyemfungulia. Mwishowe akasema:

— Vitalia, kaa. Kuna kitu inabidi ukisikie.

Akabonyeza. Ulikuwa wimbo wa mwisho, ule wao. Vitalia alisikiliza akiwa amesimama, akimbembeleza mtoto mgongoni kwa kupanda na kushuka, na baada ya kitambo kidogo tuliona kwamba anapanda na kushuka kwa kufuata ngoma.

— Si ndiyo matoleo yetu hayo?

— Ndiyo hayo.

— Mbona yanakimbia?

— Betri ni mpya. Hivyo ndivyo ulivyo hasa. Nami… mama, nisikilize vizuri. Mzee Clemence anajua lugha. Hauhusu kanisa. Ni dada mmoja wa mjini. Ametoka usiku kwenda kucheza.

Vitalia akatulia. Egidi akajifanya anachochea mkaa. Mimi nilitazama viatu vyangu.

— Ametoka usiku, — akasema.

— Ndiyo.

— Peke yake?

— Mzee anasema peke yake.

— Na hapa yuko wapi? Hapa anapoimba hivi?

Florian akanigeukia. Nikamwambia Vitalia kwamba, kwa kadiri ninavyosikia, hapa ngoma imemwishia na yuko njiani. Neno analolirudia ni *casa*, nyumba, na Kilatini nacho kinalo neno hilo, kwa kibanda. Nilipokuwa nasema hayo, binti wa redioni akapandisha sauti, akalitaja lile neno mara mbili, na mara ya tatu ikatoka nusu. Kanda ikakwaruza. Kisha ukimya, na mlio wa gurudumu linalozunguka bure.

— Nini? — akauliza Vitalia.

— Imeliwa hapo, — akasema Florian. — Tangu mwanzo iko hivyo. Ule mwisho mnaouimba ninyi, wa amina, nimetunga mimi.

Vitalia akamvuta mtoto juu kidogo, akamfunga upya.

— Sasa huyo dada, — akasema, — alifika nyumbani?

Placidi akalitazama koti la Egidi.

— Alifika, — akasema Kilian, bila nguvu.

— Umejuaje, kaka?

— Nadhani tu.

— Hana koti, — akasema Placidi. — Na baridi ile.

— Lakini mabasi yapo kule, — akasema Egidi. — Mabasi ya usiku. Yule waziri aliniambia… — Akaacha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiacha.

— Mzee Clemence?

— Kanda imekatika, mwanangu. Zaidi ya hapo sijui.

— Muda wote huu tunamwimbia, — akasema Vitalia, — na hatujui kama alifika?

Alisema bila ukali, kama mtu anayeuliza kama jirani amerudi kutoka shambani. Florian aliitoa kanda, akaipuliza vumbi, akaitazama pale ilipokunjamana. Kisha akaitia mfuko wa shati na kusimama.

— Anayeweza kujua ni mmoja tu hapa Mbinga.

— Mwalimu, — akasema Egidi, — usinitanie.

— Nakwenda zahanati.

— Kwa Sista? Leo? Si wewe uliyesema kumwuliza ni kukiri?

— Nitakiri. Lakini siendi kuulizia dhambi. Naenda kuuliza hilo la Vitalia.

— Watakuvua kwaya kabla ya jioni!

— Basi leo aongoze Vitalia.

Vitalia alimtazama.

— Tuuimbe? — akauliza. — Mwendo gani?

— Ule mliojifunza. Wa betri zilizochoka. Ule mwisho wangu uacheni kwanza, ishieni hapo alipoishia yeye, mpaka nirudi.

— Na Jumapili?

— Jumapili Sista atasema. Au hatasema.

Akaondoka bila redio, upesi, akipita kati ya mafungu ya maharage ya akina mama wa sokoni, mkono mmoja juu ya mfuko wa shati. Vitalia akashika njia ya kanisani, akivuma ule wimbo kwa mwendo wa polepole. Sisi tukabaki tunamtazama Florian akipanda kilima cha misheni, iliko zahanati. Kilian alikaa. Egidi akafungua kifungo cha juu cha koti, akakifunga tena.

Placidi ndiye alishindwa kuvumilia. Akapanda juu ya benchi, akaweka viganja mdomoni, akapaza sauti mpaka wanunuzi wa kahawa wakachungulia nje ya ghala:

— Mwalimu! We Mwalimu! Akikwambia hakufika, usirudi kutuambia!